Medali ya Wahispania

Ukikaa kwenye kiti cha Marcelline utaulizwa swali, na usipojibu utabaki hapo na kichwa chako nusu mpaka ujibu. Mimi nasuka kwenye kiti cha pili, miaka sasa, na nimeona watu wazima na heshima zao wakijaribu kulikwepa. Mmoja alijitia hasikii kwa sababu ya kelele za draya. Marcelline akaizima draya, akauliza tena.

Swali lenyewe ni hili: "Mu ile foto unaona nini?"

Picha iko ukutani kando ya kioo, kwenye fremu ya mbao, mahali ambapo ukikalishwa kwenye kile kiti huna pa kupeleka macho isipokuwa pale. Ni ukumbi wa mawe, wenye giza. Katikati wanaume wanaburuta maiti kwa kamba, maiti za watu waliokuwa na nguvu zao. Kushoto watu wamejazana, wengine wanatazama tu, wengine wanangoja. Kulia kabisa kuna mwanamke ameketi chini, ametupa mgongo, nguo imemtoka mabegani. Na chini ya picha limeandikwa neno moja tu, Spoliarium.

Mimi ni mtu wa Ujiji, naitwa Sikujua. Mteja mpya akiniuliza jina langu nani, nikamwambia Sikujua, ananiangalia kama mwehu. Nimezoea. Saluni yetu iko katikati ya jiji la Durban, ndani ya ujia wa jengo la zamani, katikati ya fundi simu na duka la nywele bandia, hatua chache kutoka roboti, taa za barabarani, ambapo teksi hupigiana honi tangu alfajiri. Mlangoni pameandikwa Chez Marcelline kwa rangi ya waridi. Niliipaka mimi, na yeyote asiyeipenda asinyoe hapa.

Marcelline ni mama wa Uvira, mrefu, mwenye kicheko kinachofika mlangoni kabla yake. Alikuja Durban na mumewe Vénérand, chanuo moja na mdomo wake. Alianzia barabarani, mteja amekaa kwenye kreti, upepo ukirusha nywele bandia mpaka kwa muuza mahindi, naye anazifuata mbio huku akicheka. Vénérand alipata kazi ghalani kule Mobeni, na mbao zote walizozitupa huko alizibeba. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Ukimsalimia anatabasamu, basi, umeshapewa. Lakini viti vyetu vyote viwili alivitengeneza yeye, na benchi la wanaongoja, na rafu ya mafuta, na zile draya mbili za kusimama aliziokota mbovu kwenye saluni iliyofungwa akazifufua kwa bisibisi. Ukiitazama saluni, unamwona Vénérand.

Sasa picha. Mwaka 2009 aliingia baharia mmoja wa meli ya makontena, Mfilipino, jina lake Dionisio, akitaka kunyolewa. Marcelline hajui Kifilipino, yule hajui Kifaransa, na Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Wakaelewana kuliko mimi na dada zangu. Basi kila meli yake ikitia nanga, Dionisio anakuja kwetu, hata kama hana nywele za kunyoa. Safari ya mwisho kabla ya kurudi kwao alileta hiyo picha imeviringishwa, akasema ilikuwa chumbani kwake melini, na begi lake limejaa zawadi za watoto, haiingii. Akaikunjua, akamuuliza Marcelline anaona nini.

Marcelline akainama, akaitazama sana. Akasema anamwona yule mwanamke, nywele zimemfumuka, na hakuna hata mmoja humo ndani anayefikiria kumsuka.

Dionisio alicheka. Akasema kwao Manila picha hiyo ni kubwa kama ukuta wa nyumba, watoto wa shule hupelekwa kuiona, naye hajawahi kusikia mtu akiuliza habari za nywele.

Tukaanza kubishania lile neno. Mimi nilisema wazi kabisa kwamba ni aina ya stediamu. Mwaka ule mzima Durban ilikuwa inajengewa uwanja kwa ajili ya Kombe la Dunia, na kila neno lililoishia hivyo kwangu lilikuwa uwanja. Hawa, nikasema, ni wachezaji walioumia wanatolewa nje. Marcelline akanicheka mpaka akashika kiuno. Neno hilo, akasema, ni la kwao. Kule Kongo mkubwa akija na makaratasi yake akakutoa kwenye nyumba yako, wanasema nyumba imekuwa spolié. Shamba spolié, kiwanja spolié, hata bibi kizee asiyejua Kifaransa hilo moja analijua. Kwa hiyo hapa watu wanaporwa, hakuna mpira.

Dionisio akapiga makofi. Kumbe wote wawili tulikuwa tumepata. Zamani za Warumi, alisema, watu walilazimishwa kuuana uwanjani ili wengine wafurahi. Aliyekufa aliburutwa mpaka chumba kilicho chini ya uwanja, na huko akavuliwa kila kitu, silaha, nguo, viatu. Chumba hicho ndicho Spoliarium. Mimi nikamwambia Marcelline, si nilisema ni uwanja? Yeye akasema, si nilisema ni wizi? Tukapeana mikono.

Lakini kilichomwingia Marcelline zaidi ni mwisho wa hadithi. Aliyechora ni Mfilipino, enzi hizo Wahispania wakiwa wamewatawala zaidi ya miaka mia tatu. Aliichorea Roma, akaipeleka Madrid kwenye mashindano, kwa Wahispania wenyewe. Na Wahispania wakaitazama, wakawasikitikia sana wale maiti, wakawalaani Warumi kwa ukatili wao, wakaipa medali ya dhahabu. Kwao Ufilipino watu walipoiona walisema, Warumi gani? Hao ni Wahispania, na wanaoburutwa ni sisi. Hivyo ndivyo alivyotusimulia Dionisio.

Basi Marcelline alicheka siku nzima. Anampaka mtu dawa, anacheka. Anafagia, anasimama, anasema peke yake, "Wameona sura yao, wakasema ni ya jirani." Vénérand akaitengenezea fremu jioni ile ile, kwa mbao za Mobeni, na tangu hapo swali likaanza. Dereva wa teksi alisema ni ajali, na wale wa kushoto ni wale wanaokujaga kupora simu za majeruhi. Wamama wa kanisani walisema ni wafiadini. Mama mmoja Mzulu wa kiwandani aliitazama kidogo tu akasema ni watu wanatoka zamu ya usiku. Marcelline humsikiliza kila mtu mpaka mwisho, hamkatizi, ndipo humsimulia ya Dionisio na medali.

Februari mwaka 2010 Vénérand akafa. Mapafu. Aliugua muda mfupi, akaondoka kimya kimya kama alivyoishi. Nililia, sitaki kuwadanganya, na sikuwa hata ndugu yake. Marcelline alifunga saluni, kisha akafungua, akawa anasuka bila kuuliza swali lolote. Mteja anakaa, anasukwa, anaondoka. Hilo lilinitisha kuliko vilio vyote.

Halafu mwezi wa tano ikapigwa simu kutoka Johannesburg. Alikuwa Achille, mdogo wake Vénérand, kiongozi wa kwaya, mtu wa suti na sauti nene. Famille, yaani ukoo, imekaa, akasema. Siku ya kumaliza matanga atakuja na pikapu kuchukua vitu vya kaka. Vitu gani? Viti, draya, rafu, benchi, vioo. Vilitengenezwa kwa mkono wa kaka, kwa hiyo ni vya ukoo. Ndivyo wanavyofanya, na si kwao peke yao, hata kwetu nimeona mjane akiachiwa mkeka tu.

Damu ilinichemka. Bila vitu vile Marcelline anarudi kwenye kreti barabarani, ana watoto wawili, na mimi pia narudi naye. Nikamwambia tubadilishe kufuli. Akakataa. Tufiche draya kwa fundi simu. Akakataa, akasema akivificha itakuwa kama ameviiba. Basi tuite polisi. Hapo akakasirika kabisa. Watoto wangu, akasema, hawana baba, unataka nao wakose na baba mdogo? Siku ya harusi ya binti yangu atasimama nani? Hapo ndipo alipobanwa. Alivitaka vitu vyake na alimtaka shemeji yake, na kila tulilolifikiria lilimpotezea kimojawapo. Papa Ezéchiel, mzee wa jumuiya yao hapa Durban, ndiye angekuwa shahidi siku hiyo, naye alikwisha kusema kwamba mambo ya famille yamalizwe na famille. Mzee yule hapendi ugomvi hata wa paka.

Kombe la Dunia likaanza, vuvuzela zikatutoboa masikio. Wahispania mechi yao ya kwanza walichezea hapa hapa Durban, na Waswisi wakawafunga moja bila. Tulikuwa tunasikiliza redio ya fundi simu kupitia ukuta. Marcelline, na uzi mdomoni, akageuka akaitazama picha, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu mazishi. Nikajikuta nalia tena, safari hii kwa furaha, na mteja wangu akalalamika namvuta nywele.

Achille alikuja Jumamosi, siku moja kabla ya fainali. Wallahi, sikuyaamini macho yangu. Amevaa jezi nyekundu ya Hispania! Wamefika fainali, akasema, na yeye ni mtu wao wa siku zote. Nikamtazama Marcelline, Marcelline akatazama chini. Ibada ilikuwa imefanyika asubuhi nyumbani kwa Marcelline, Greyville, watu wameomba na kula, na sasa tulikuwa saluni: Marcelline, mimi, papa Ezéchiel kwenye benchi na kofia yake magotini, na wamama watatu wa kanisani. Nje pikapu, na wanaume wawili aliokuja nao na kamba zao.

Sasa, kwao matanga hayaishi mpaka ndugu za marehemu wanyolewe. Hiyo ni desturi, na Achille alitaka desturi ifuatwe, alilisema mara tatu tangu asubuhi. Marcelline akapangusa kiti.

"Karibu, shemeji," akasema. "Nikunyoe mimi."

Angekataaje? Akakaa. Marcelline akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza upande wa kulia, taratibu, kama anavyonyoa mtoto. Wale wawili hawakungoja. Mmoja alikuwa amekwisha kuifunga draya kamba kiunoni, mwingine anakusanya waya. Mimi niliuma midomo, mikono inaniwasha.

Ndipo nikasikia lile swali. Miezi yote ile hakuliuliza, siku hiyo akaliuliza.

"Shemeji, mu ile foto unaona nini?"

Achille anapenda kuulizwa. Mtu wa kwaya huyo, akipata watu sita ana kusanyiko. Akaitazama, akakohoa, akaanza. Akasema hawa ni watu waliouawa bure, angalia miili, vijana wenye nguvu. Akasema wanaowaburuta hawana huruma, wanamvuta mtu kama gunia. Sauti ikapanda. Akaona wale wa kushoto.

"Na hawa je? Hawa wanangoja nini? Wanangoja kumvua! Maiti haijapoa, wao macho yao iko kwa vitu vyake." Alitoa mkono chini ya kitambaa, akaonyesha kidole. "Na ile mama pale chini, muangalie. Hata nguo ya mgongo hana. Ni watu gani hawa? Si wamuachie tu mama wa watu vitu vya bwana yake?"

Mmoja wa wamama wa kanisani akaitikia amina, kwa mazoea.

Mashine ikazimwa. Nyuma yetu draya ilikuwa inaburutwa sakafuni, magurudumu yake yanalia, na katika ule ukimya tuliyasikia sote. Achille akainua macho kwenye kioo, kilicho pale pale kando ya picha. Akamwona mtu katikati, jezi nyekundu, kichwa nusu. Nyuma ya mtu huyo wanaume wawili wanavuta kitu kwa kamba. Kushoto watu wamekaa kwenye benchi, wanatazama. Macho yakaenda kwenye picha, yakarudi kwenye kioo, yakaenda tena. Papa Ezéchiel naye alikuwa ameiona, kwa sababu kofia ilimwanguka asiiokote.

Angeweza kuinuka akaondoka. Lakini utakwenda wapi Durban, mchana kweupe, na kichwa kilichonyolewa upande mmoja? Marcelline hakumcheka. Hakusema na wewe ndiwe, hakusema lolote la kumchoma. Aliweka mkono begani kwake, pale pale kwenye jezi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Aksanti, shemeji. Tangu foto iko pale, wengi wanahurumia maiti. Wewe ni wa kwanza kusema ile mama aachiwe vitu."

Papa Ezéchiel akaiokota kofia yake. Mzee asiyependa ugomvi akasema amesikia, na wamama wamesikia, na kwa kuwa ndugu wa marehemu ndiye aliyesema, kwa mdomo wake, mbele ya watu, basi famille imemaliza.

Achille akapitisha kiganja kwenye upande ulionyolewa. Kisha, bila kugeuka, akawaambia wale wawili wairudishe ile draya mahali pake na wafungue kamba. Waliirudisha haraka. Nadhani hata wao walikuwa wameanza kuitazama picha.

Marcelline akaenda kwenye rafu akachukua saa ya Vénérand, ile aliyokuwa anaivaa kazini, kioo chake kina ufa, akamvalisha Achille mkononi. Hii, akasema, ni yako, yeye mwenyewe angekupa. Hapo yule mwenye sauti nene akalia kama mtoto, na sisi sote tukalia naye, na mimi niliyekuja na nia ya kummwagia maji ya moto nikamletea kitambaa cha kujifutia.

Alipotulia, nikaona hapana, siwezi kuliacha. Nikamsimulia. Nikamwambia picha ilikotoka, na Dionisio, na Madrid, na wale mabwana walioitazama wakawasikitikia maiti, wakawalaani Warumi, wakatoa medali ya dhahabu, kumbe ni wao. Nilisimulia polepole, nikiitazama jezi yake. Wamama walijifunika midomo kwa vitenge, mabega yanawatikisika. Achille alisikiliza mpaka mwisho. Akaitazama jezi yake, akaivuta kidogo kifuani, akapumua.

"Na Wahispania," akauliza, "walikuja kujua lini kwamba ni wao?"

Marcelline akawasha mashine, akamwinamisha kichwa, akaanza upande wa kushoto.

"Hiyo Dionisio hakuniambia," akasema. "Lakini wewe umewapita."

Akacheka, na Achille akacheka naye, kichwa kinamtikisika mpaka Marcelline akamwambia atulie asije akamkata.